Tulia! Usikivute Kijingozi Hicho

Mpenzi msomaji, kabla hujaendelea kusoma, hebu weka chai yako chini na ukunjue vidole vyako kumi mbele ya macho. Vitazame vizuri pale ngozi inapokutana na ukucha. Je, huoni kijingozi chembamba, kikavu, kigumu kama uzi wa nailoni, kimechomoza ubavuni mwa ukucha na kujipinda kwa nje? Kikinasa kwenye sweta, unaruka. Ukikamua limau juu ya nyama, machozi yanakulenga. Na mkono wa pili, hata kabla hujaamua lolote, umeshakishika na unataka kukivuta.

Usikivute! Hilo ndilo somo la Jumapili ya leo. Ukilikumbuka hilo peke yake na kusahau mengine yote, wino wangu hautakuwa umepotea bure.

Huenda unacheka. Katika dunia yenye malaria, kisukari na saratani, ni mwandishi gani huyu anayejaza ukurasa mzima kwa kijingozi cha kidole? Hata mimi ningecheka, lau si yale yaliyomfika mama mkwe wangu kule Tulia.

Yaliyotokea Tulia

Tulia ni soko dogo katika Kaunti ya Kitui, Ukambani. Kwa masikio ya Mswahili jina hilo ni amri, na ukifika huko ukitoka Nairobi na kelele zake, unaitii amri hiyo bila kuambiwa mara ya pili. Lakini kuna miezi ambayo nchi yenyewe haitulii. Kuanzia Juni hadi Oktoba mvua hupotea, upepo mkavu huvuma, mito hubaki mchanga mtupu, na watu huchimba visima katika mchanga huo ili wapate maji ya kunywa. Ardhi hupasuka. Ngozi ya binadamu nayo hupasuka.

Ilikuwa Agosti mwaka wa 2022, wakati ukame ulikuwa umeikaba Kitui baada ya misimu ya mvua kufeli mmoja baada ya mwingine. Mama mkwe wangu ni msusi wa vyondo. Kwa vyondo hivyo alimsomesha mume wangu na ndugu zake, na hata leo, akiwa na miaka zaidi ya sitini, hakai bure. Akizungumza na mgeni, mikono inasokota nyuzi za katani juu ya paja. Akienda sokoni, mikono inasuka njiani.

Kijingozi kilimtoka kando ya ukucha wa kidole cha shahada, mkono wa kulia. Kikawa kinanasa kwenye nyuzi na kumchelewesha. Akafanya kama ambavyo mimi na wewe tungefanya: akakishika kwa meno, akavuta. Kikatoka na ukanda mrefu wa ngozi, na tone la damu. Akalifuta kwa leso, akaendelea kusuka.

Siku ya tatu tulizungumza kwa simu. Baada ya habari za mbuzi na za maji, akasema kidole kinamuuma na kimevimba kidogo. Nikamuuliza amekifanya nini. Akanieleza. Nikacheka. "Ni kijingozi tu, mwaitu," nikamwambia, kwani ndivyo Wakamba wanavyomwita mama. "Paka mafuta ulale, kitapona." Nikakata simu, nikarudi kwenye televisheni. Nakiri hayo hadharani leo kwa sababu sitaki wewe uyarudie.

Jirani mmoja mwenye nia njema akamtoboa kwa mwiba, usaha usitoke. Wakafunga kidole kwa majivu. Siku ya tano kidole kilikuwa kama nyanya iliyoiva. Kilikuwa kinapwita usiku kucha, na mama alilala ameketi, mkono ameuinua kwa sababu kila akiushusha maumivu yalizidi. Asubuhi, mstari mwekundu ulikuwa umepanda kutoka kidoleni hadi karibu na kiwiko, tezi la kwapa limevimba, na mwili unatetemeka kwa homa. Kijana wa bodaboda ndiye aliyemkimbiza hospitalini.

Huko alidungwa sindano ya ganzi, kidole kikapasuliwa, usaha ukatolewa, na kwa siku kadhaa akatiwa dawa mshipani. Tunashukuru, kidole hakikukatwa. Lakini kiungo cha juu hakikunji tena sawasawa. Kiondo alichokuwa akikimaliza kwa wiki mbili, sasa humchukua karibu mwezi mzima. Yeye halalamiki. Ila kila anaponipa kikombe cha chai, kidole kile hubaki kimenyooka, na mimi huona kana kwamba ananinyooshea mimi.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Basi na tusidharau. Tukitazame kijingozi hiki kwa makini.

Ni kitu gani hasa?

Kwanza tuondoe kosa moja. Kijingozi hiki si ukucha, ingawa wengi hudhani ni kipande cha ukucha kilichochanika. Ni ngozi. Ukucha umefanyizwa kwa keratini, kitu kile kile kinachofanyiza nywele zetu na pembe za mbuzi, nao hauna damu wala neva. Ndiyo maana unaukata bila kulia.

Kijingozi kina sehemu mbili. Ncha yake ni ngozi iliyokwisha kufa na kukauka, nayo haina uchungu. Shina lake, hata hivyo, limeshikamana na ngozi hai yenye damu na neva. Unapokivuta, hakikatiki pale kilipokufa. Mpasuko hukimbia kuelekea nyuma, kwenye ngozi hai. Ni sawa na uzi uliochomoza kwenye sweta: ulitaka kuondoa uzi mmoja tu, mara unaona safu nzima imefumuka.

Na kwa nini kitu kidogo hivyo kiume namna hiyo? Ni kwa kuwa ncha za vidole ni miongoni mwa sehemu za mwili zenye neva nyingi zaidi za kugusa. Neva hizo ndizo zinazomwezesha mama kuchambua ndengu usiku, akatambua jiwe na kulitupa bila kulitazama. Kidole kinachoweza kutambua jiwe dogo namna hiyo, hakiwezi kukosa kutambua ngozi yake inapopasuka.

Kuna jambo jingine. Mahali ngozi inapoungana na ukucha pana utando mwembamba unaoziba pengo. Ufikirie kama ule mpira unaozunguka kioo cha gari ili maji ya mvua yasiingie ndani. Kijingozi kinapovutwa, mpira huo hukatika, na mlango huwa wazi kwa kila kitu unachokishika: udongo, nyama mbichi, nepi ya mtoto, sarafu, kamba ya ndoo.

Hutokana na nini?

Sababu kubwa ni moja: ukavu. Ngozi ya juu hubaki laini kwa sababu ina maji kidogo ndani yake na mafuta ya kuyazuia maji hayo yasitoroke. Upepo mkavu huyanyonya maji. Sabuni huyaondoa mafuta. Ngozi ikikosa vyote viwili hukakamaa, na kitu kikavu hakinyumbuki, hupasuka.

Ajabu ni kwamba maji yenyewe huleta ukavu. Mtu anayeloweka mikono na kuikausha, akailoweka tena na kuikausha tena, mara ishirini kwa siku, ngozi yake hukauka kuliko ya mtu ambaye hakugusa maji. Ndiyo maana vijingozi huwasumbua sana wafuaji wa nguo, wapishi wa mikahawa, wauguzi, wauza samaki, na mafundi wanaoshika saruji.

Shambani kuna kazi nazo. Anayechuma ndengu zilizokauka hukwaruzwa na maganda yake makali. Anayeparua mkonge na kusokota katani huisugua ngozi kutwa. Fundi wa mbao, fundi wa viatu na karani anayepekua makaratasi siku nzima, wote wamo katika safari hii.

Na nyinyi wanafunzi, msidhani nimewasahau! Msimu wa mitihani ukikaribia, nani hajamwona mwenzake darasani akitafuna kucha huku akitafuta jibu la hisabati? Anayetafuna kucha hutafuna na ngozi. Meno hayakati kwa unyoofu kama mkasi, bali huchana, na kila mchano ni kijingozi kipya. Isitoshe, mdomo umejaa bakteria, hata mdomo wa mtu anayepiga mswaki mara tatu kwa siku. Hivyo mtafunaji hujeruhi kidole na kukitia uchafu kwa tendo lile lile moja.

Mwisho kuna urembo. Mabinti wengi wakienda kutengenezwa kucha huomba ule utando wa shina la ukucha ukatwe wote ili ukucha uonekane mrefu. Utando ule haukuwekwa pale kwa bahati mbaya. Ukiukata unaukata ule mpira wa kioo cha gari. Mwambie msusi wa kucha ausukume nyuma taratibu baada ya kuulainisha kwa maji, asiukate.

Si ukosefu wa vitamini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa mara nyingi. Shuleni tuliambiwa kwamba vijingozi ni dalili ya kukosa mboga au maziwa, na akina mama wengi hukimbilia duka la dawa kununua vidonge vya vitamini. Kula mboga, msomaji, ni jambo jema sana, na sikukatazi. Lakini mtu anayekula vizuri, mwenye afya njema, bado atatokwa na vijingozi iwapo mikono yake ni mikavu. Fedha za vidonge hivyo zitakufaa zaidi zikinunua kopo dogo la mafuta ya kujipaka.

Kikikutoka, fanya hivi

Ukiona kijingozi, usikiguse kwa meno wala kwa kucha za mkono mwingine. Fuata hatua hizi, nazo hazichukui hata dakika kumi.

Nawa mikono kwa maji na sabuni. Kisha chovya kidole katika maji ya uvuguvugu kwa muda wa dakika tano hivi, ili kijingozi kilainike. Kwa wale wanaoishi mahali penye shida ya maji, msiogope: haihitajiki ndoo. Nusu kikombe kinatosha kidole kimoja.

Chukua mkasi mdogo au kikata-kucha kilicho safi. Kama una spiriti, kifute kwayo kwanza. Kama huna, kioshe kwa sabuni na maji yaliyochemka. Kata kijingozi karibu na shina lake, lakini usiifukuzie ngozi hai. Kata kilichokufa tu. Kikibaki kisiki kidogo, kiache, kitajiondokea.

Paka mafuta. Vaselini inatosha kabisa. Huko Kitui watu ni wafugaji wa nyuki tangu zama za kale, na nta ya nyuki ikiyeyushwa pamoja na mafuta ya kupikia yaliyo safi hufanya mafuta mazito ya mikono yasiyoshindwa na ya dukani. Kama kidole kinatoka damu, kioshe, kikandamize kwa kitambaa safi mpaka damu ikome, kisha kifunge kwa plasta mpaka pale palipochanika pashikane.

Basi. Siku mbili tatu, umekwisha kusahau.

Mdudu akiingia kidoleni

Mara nyingine mambo hayaishi hapo. Baada ya siku chache ngozi ya kando ya ukucha huwa nyekundu, huvimba, hupata joto na kuuma ikiguswa. Baadaye huanza kupwita kama moyo mdogo, na usaha huonekana kama doa jeupe au la manjano chini ya ngozi. Hapo wazee wetu husema: kidole kimeingiwa na mdudu.

Wazee hawakukosea sana. Mdudu yupo, ila si yule mwenye miguu anayeweza kutolewa kwa mwiba. Ni bakteria, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Anayeongoza kwa ubaya huo huitwa stafilokokasi, ambaye kwa kawaida hukaa juu ya ngozi na ndani ya pua za watu wengi bila kuwadhuru. Akipata mlango, huingia.

Kwa kuwa tunamfikiria kama funza, tunajaribu kumfukuza kama funza. Tunamchoma kwa sindano ya moto, tunammwagia mafuta ya taa, tunamvika limau lililotobolewa, tunamfunga kwa majivu au kinyesi cha ng'ombe. Msomaji, usifanye hivyo! Mwiba husukuma usaha ndani zaidi. Mafuta ya taa huunguza ngozi ambayo tayari imejeruhiwa. Na kinyesi na udongo vinaweza kuleta pepopunda, ugonjwa unaoua.

Uvimbe ukiwa mdogo, na hakuna usaha, dawa ya kwanza ni maji. Chovya kidole katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku, kisha kikaushe vizuri. Kipumzishe kidole na kukiinua. Vidonge vya kutuliza maumivu, kama vile parasetamoli, vinaweza kumezwa kwa kipimo kilichoandikwa. Mara nyingi uvimbe hupungua baada ya siku moja au mbili.

Lakini nenda kwenye zahanati au kituo cha afya siku hiyo hiyo, usingoje kesho, ukiona lolote kati ya haya:

Usaha umejikusanya. Huo unahitaji kutolewa na mhudumu wa afya kwa kifaa safi, na mara usaha ukitoka maumivu hupungua papo hapo.

Nyama ya ncha ya kidole, upande wa alama za vidole, imevimba na kukazana kama mpira uliojaa upepo.

Kidole chote kimevimba, kinabaki kimejikunja, na ukijaribu kukinyoosha unapiga kelele. Hii ni dalili kwamba ugonjwa umeingia katika ala ya mshipa unaokikunja kidole. Daktari wa upasuaji wa Chicago aitwaye Allen Kanavel aliziandika dalili hizi katika kitabu chake cha mwaka wa 1912 kuhusu magonjwa ya mkono, na hadi leo madaktari huzitafuta. Kidole cha namna hiyo kikicheleweshwa huweza kukakamaa maisha.

Mstari mwekundu unapanda mkononi, tezi la kwapa limevimba, au una homa na baridi. Hapo ugonjwa umekwisha kutoka kidoleni na unaelekea mwilini.

Tena tahadhari: usinunue vidonge viwili vitatu vya antibaiotiki kwa kukisia, ukavimeza leo na kuacha kesho maumivu yakipungua. Hivyo unawafundisha bakteria kuizoea dawa. Na ukiona badala ya usaha una malengelenge madogo madogo yenye maji, hasa kwa mtoto mwenye vidonda mdomoni na anayenyonya kidole, usiyapasue. Huenda hao ni virusi wala si bakteria, na dawa yake ni nyingine.

Kidole kilichoua profesa

Ikiwa bado unadhani ninatia chumvi, nikupeleke mjini Vienna, Austria, mwezi wa Machi mwaka wa 1847. Daktari mmoja, Profesa Jakob Kolletschka, alikuwa akiwaongoza wanafunzi katika kupasua maiti. Mwanafunzi mmoja akateleza kwa kisu, akamchoma profesa kidoleni. Jeraha dogo tu. Siku chache baadaye profesa alikuwa marehemu.

Rafiki yake, daktari Mhungaria aliyeitwa Ignaz Semmelweis, aliisoma ripoti ya uchunguzi wa mwili wa marehemu, akashtuka. Mambo yaliyoonekana ndani ya mwili ule yalikuwa yale yale yaliyokuwa yakionekana kwa akina mama waliokuwa wakifa baada ya kujifungua katika hospitali yao. Akatambua kwamba madaktari walikuwa wakitoka kwenye maiti wakaenda kuwazalisha kina mama, wakibeba mauti mikononi. Mwezi wa Mei mwaka huo huo akaamuru kila daktari anawe mikono kwa maji yenye chokaa ya klorini. Vifo vikapungua sana.

Jeraha la kidole, basi, ndilo lililoufundisha ulimwengu kunawa mikono. Siku hizi tuna antibaiotiki, na watu wachache mno hufa kwa kidole. Lakini mlango ule ule bado upo, na wanaoingia ni wale wale.

Hawa wajihadhari zaidi

Mwenye kisukari. Damu yenye sukari nyingi hudhoofisha kinga ya mwili, na vidonda vyake huchelewa kupona. Kwake yeye kidole chekundu si jambo la kungojea siku ya tatu. Hali kadhalika mtu yeyote mwenye upungufu wa kinga mwilini.

Watoto. Anayenyonya kidole na anayetafuna kucha hupata uvimbe huu mara kwa mara. Usimchape wala kumpaka pilipili. Mkatie kucha mapema, mpake mafuta kila usiku, na umtafutie kitu kingine cha kushughulisha mikono.

Wanaoshiriki vifaa. Wembe, mkasi na kikata-kucha hugusa damu hata pale tusipoiona. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi na bado kikaambukiza. Kila mtu nyumbani awe na kikata-kucha chake. Kwa msusi wa kucha, uliza bila haya vifaa vimesafishwa vipi.

Na sasa niseme na nyinyi wenye nyumba za mijini. Yule dada anayekufulia nguo na kuosha vyombo, umewahi kutazama vidole vyake? Anayeshinda kwenye maji na sabuni huweza kupata uvimbe wa kando ya ukucha usiopona kwa wiki sita na zaidi. Ngozi hujitenga na ukucha, ukuvu huingia, na ukucha wenyewe hupinda na kuwa na mabonde. Hata akipona, ukucha wa mkono hukua milimita 3 tu hivi kwa mwezi, basi itamchukua nusu mwaka kuupata mwingine mzima. Huyo hahitaji kukaripiwa kwamba ni mvivu. Anahitaji glavu za mpira, kitambaa cha kujikaushia na kopo la mafuta. Ni mikono hiyo hiyo inayompikia mtoto wako uji.

Kinga yake

Kinga ni nyepesi kuliko yote niliyoyasema. Paka mafuta mikononi kila baada ya kuosha vyombo au kufua, na mara moja zaidi kabla ya kulala, ukiyasugua pale ngozi inapokutana na ukucha. Suuza sabuni yote, kisha kausha katikati ya vidole. Tumia glavu unaposhika saruji au dawa ya kung'arisha nguo. Kata kucha kwa unyoofu na usizikate mpaka chini kabisa. Na wewe mwanafunzi, weka kikata-kucha katika kibweta chako pamoja na rula na bikari. Ukikiona kijingozi katikati ya somo, kifunge kwa kipande cha plasta mpaka kengele ilie, ili mkono usipate cha kuvuta.

Desemba iliyopita tulikuwa Tulia tena. Mvua ilikuwa imenyesha, ndengu zimechanua, na watoto wameketi chini ya mwembe na nyanya yao. Binti yangu wa miaka minane alikuwa na kijingozi kwenye kidole gumba. Nikamwona anakipeleka mdomoni. Kabla sijafungua kinywa, bibi alikwisha kumshika mkono.

"Tulia," akamwambia.

Akatia mkono ndani ya kiondo chake, akatoa kikata-kucha na kichupa cha mafuta ya nta. Akakata polepole, akiwa amekishika chombo kwa kidole gumba na cha kati, kwa kuwa kile cha shahada hakimsaidii tena kazi hiyo. Akapaka mafuta. Mtoto akarudi mchezoni.

Nami sina zaidi ya hilo la kukuambia, msomaji wangu. Mkono ukianza kukutuma, tulia. Tafuta mkasi. Na mzazi wako akikupigia simu kutoka mashambani, akataja katikati ya mazungumzo kwamba kidole kinamuuma, usicheke. Muulize kimekuwa chekundu? Kinapwita? Kina siku ngapi?

Jumapili njema, na tukutane wiki ijayo, majaliwa.